Kofia ya Sikukuu: Historia Iliyoshonwa Nyumbani

Katika visiwa vya Unguja na Pemba, na katika miji ya mwambao kutoka Lamu hadi Kilwa, Idi haihesabiwi kuwa imetimia mpaka nguo ziwe tayari. Watoto hutafutiwa mpya, wanawake hununua doti za kanga, na mwanamume hutayarisha kanzu na kofia. Miongoni mwa mavazi hayo yote, kofia ndiyo ndogo kabisa na ndiyo inayochukua muda mrefu kuliko yote. Kanzu ya kawaida humalizika kwa cherehani katika muda mfupi. Kofia ya mkono huanzwa miezi kabla ya sikukuu, ikashonwa kidogo kidogo baina ya kazi nyingine za nyumba, na ikakimbiziwa kumalizwa katika kumi la mwisho la Ramadhani. Kwa hivyo kofia ina historia mbili: ya kichwa kinachoivaa na ya mkono unaoishona. Historia ya kwanza imekwisha kuandikwa, japo si kwa ukamilifu. Ya pili hutajwa kwa sentensi moja au mbili na kuachwa, ingawa bila ya hiyo ile ya kwanza haieleweki.

Kofia inayozungumzwa hapa ni ile ya kitambaa cheupe cha pamba, ya duara, isiyo na ukingo, yenye kilele cha bapa. Hushonwa vipande viwili mbalimbali: ukanda wa pembeni unaozunguka kichwa, na kipande cha juu kinachoufunika. Kitambaa huchorwa kwanza kwa penseli. Mara nyingi mchoraji si yule atakayeshona, kwa kuwa kuchora ni ujuzi wa pekee na si kila mwenye sindano anao. Baada ya hapo huja kazi ya viua, yaani vitundu vidogo vinavyotobolewa kwa ncha kali, kisha kingo zake zikazungushiwa uzi ili zisifumuke. Viua hupangwa safu kwa safu mpaka vikatoa maua, nyota, majani au mistari ya mawimbi. Vitundu hivyo ni pambo, na pia ni njia ya upepo kupita kichwani katika nchi ya joto. Mshonaji akikosea kiua kimoja, kosa huonekana katika safu nzima, na dawa yake ni kufumua na kuanza tena.

Majina ya kofia hii ni mengi. Watu husema kofia ya mkono ili kuitenga na ile ya mashine. Husema kofia ya viua kwa sababu ya vitundu vyake, na kofia ya bulibuli wanapotaka kusifu weupe na uzuri wa darizi zake. Lamu hutajwa kofia za vito. Neno baraghashia, ambalo limeenea hadi bara, wengi hulihusisha na jina la Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888. Wangazija wana kofia yao ya kushona kwa mkono, nao huiita kwa neno hilo hilo la kofia. Ng'ambo ya bahari, katika Oman, vazi la namna hii huitwa kumma, na Waomani wenyewe hukubali kwamba lilikwenda kwao kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Kofia moja imepewa majina ya umbo lake, ya nakshi yake na hata ya mtawala. Hakuna jina miongoni mwa hayo linalomtaja mshonaji.

Kabla ya sindano kulikuwa na kitambaa, na pwani hii iliwahi kufuma kitambaa chake yenyewe. Ibn Battuta, aliyepita mwambao mwaka 1331, alieleza kwamba Mogadishu ilitengeneza nguo zilizoitwa kwa jina la mji huo na kupelekwa hadi Misri. Katika magofu ya Kilwa na Shanga, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta vigurudumu vya udongo vilivyotumika kusokotea uzi wa pamba. Pate ilisifiwa kwa nguo za hariri. Mafundi wake walifumua vitambaa vilivyotoka nje, wakazichukua nyuzi zake, kisha wakazifuma upya kwa namna waliyoitaka. Ustadi wa kuhesabu nyuzi na kusubiri haukuletwa pwani na wageni wa karne ya 19. Ulikuwapo tangu zamani.

Kilicholetwa katika karne hiyo ni kitambaa cha bei nafuu kwa wingi usiopata kuonekana. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na baada ya hapo merikebu za Salem, katika jimbo la Massachusetts, zikawa zinatia nanga Unguja mara kwa mara. Bidhaa yao kubwa ilikuwa kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kigumu na chenye kudumu, ambacho watu wa pwani walikiita kwa jina la nchi kilikotoka: marekani. Kiliingia katika misafara ya bara kikatumika kama fedha, na kiliingia majumbani kikavaliwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilipokatiza biashara hiyo, vitambaa vya Uingereza na vya Bombay vilichukua nafasi, lakini jina la marekani lilibaki. Hapa pana jambo la kutafakari. Pamba iliyofumwa New England ililimwa na watumwa katika majimbo ya kusini ya Marekani. Ilipofika Unguja, kitambaa chake kilifungwa viunoni mwa watumwa wengine, waliochuma karafuu katika mashamba ya Unguja na Pemba. Jasho lilikuwa katika uzi kabla sindano haijautoboa.

Mtumwa wa karne ya 19 alitambulikana kwa mavazi yake, au kwa uchache wa mavazi yake. Mwanamume alijifunga kipande cha marekani kiunoni. Mwanamke alijifunga kaniki, nguo iliyotiwa rangi ya weusi. Miguu ilikuwa mitupu, na kichwa kilikuwa kitupu. Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics kilichotoka mwaka 2001, ametumia maandishi, picha za zamani na masimulizi ya wazee kuonyesha kwamba mtumwa hakuruhusiwa kufunika kichwa mbele ya bwana wake. Kwa watu wa pwani, ambao kwao kichwa kilichofunikwa ni adabu mbele ya watu na mbele ya Mungu, katazo hilo lilikuwa zito. Bwana hakuwa amemnyima mtumwa pambo tu. Alikuwa amemzuia kuonekana mtu wa heshima, hata katika siku ambayo Waislamu wote hutakiwa kujipamba. Wote wawili waliweza kusali sala moja ya Idi nyuma ya imamu mmoja, na bado kila mpita njia akajua, kwa kutazama vichwa, nani ni nani.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri iliyofuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Amri hiyo haikumwacha kila mtu huru asubuhi yake. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kudai uhuru wake, na baada ya kuupata aonyeshe kuwa ana makaazi na njia ya kujipatia riziki, la sivyo angehesabiwa mzururaji. Aliyelipwa fidia alikuwa bwana. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo, na ikabidi wangoje hadi mwaka 1909. Kwa hiyo uhuru ulikuja kwa awamu. Ulianza na wale waliofanya kazi mashambani na barabarani, na miaka kumi na miwili baadaye ukawafikia wanawake waliokuwa ndani ya nyumba.

Wengi walioachwa huru walihamia mjini, wakajenga Ng'ambo, upande wa pili wa Mji Mkongwe. Fedha ya kwanza waliyoimiliki wenyewe waliitumia kwa chakula, kwa kodi ya ardhi na kwa mavazi. Wanaume walivaa kanzu na kofia. Wanawake waliitupa kaniki wakajifunga kanga, na baadaye wakavaa buibui lililokuwa vazi la wenye daraja. Wako watazamaji wa wakati ule walioyaona hayo kuwa ni kuiga wakubwa, na wengine wakayacheka. Waliocheka hawakuelewa walichokiona. Mtu aliyekatazwa kufunika kichwa tangu kuzaliwa, anaponunua kofia na kuivaa mbele ya yule aliyemkataza, hatafuti kufanana naye. Anatangaza kwamba katazo limekwisha. Sikukuu ilikuwa mahali pa kulifanyia tangazo hilo, kwa kuwa ndiyo siku ambayo mji mzima hutoka nje. Kiwanja cha Mnazi Mmoja kipo kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, na siku za Idi ndipo pande zote mbili hukutana na kutazamana. Kofia mpya katika kiwanja kile ilisomwa na watu wasiojua kusoma hati yoyote ya mahakama.

Hata hivyo, kofia hiyo haikuota mtini. Ilishonwa na mtu, na mara nyingi mtu huyo hakuwapo kiwanjani. Wanaume nao walishona kofia, khasa Lamu, ambako si ajabu kumwona mzee amekaa barazani na kipande cha ukanda mkononi huku akizungumza na wapitao. Ngazija pia wanaume na wanawake wameshiriki kazi hii. Lakini Unguja na Pemba sehemu kubwa ya kofia za mkono imetoka ndani ya nyumba, mikononi mwa wanawake, na sababu yake inaeleweka. Mwanamke wa pwani aliyehifadhi utawa wake hakwenda sokoni kuuza, wala hakufanya kazi mbele ya wanaume wasio jamaa zake. Sindano ilimpa kazi isiyomtoa ukumbini. Ilibebeka, haikuharibika ikiwekwa chini mtoto alipolia, na haikuhitaji mtaji zaidi ya kitambaa, uzi na macho mazima.

Katika majumba makubwa kushona kulikuwa ni sehemu ya malezi. Salme binti Said, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye kujulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete, aliandika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886. Humo ameeleza kwamba kushona na kudarizi kulikuwa miongoni mwa shughuli za mabibi wa nyumba za kifalme, na amesimulia pilikapilika za siku za mwisho za Ramadhani, nguo mpya, na watu walivyongojea mwezi uandame. Kwake yeye kazi ya sindano ilikuwa utulivu wa wenye nafasi. Kwa mwanamke wa Ng'ambo au wa kijiji cha Pemba ilikuwa ni unga, mafuta ya taa na ada ya chuo cha mtoto. Sindano ilikuwa moja, ila hesabu yake ilitofautiana sana.

Kumaliza ndiko kulikokuwa kugumu zaidi. Mwenye kujua kazi hii anafahamu kwamba viua vinaweza kushonwa usingizini, kama wasemavyo watu kwa mzaha, lakini kuunganisha ukanda na kilele hakuna mzaha ndani yake. Ukanda ukizidi kidogo, kofia hulegea na kukaa kichwani kama sufuria. Ukipungua, kilele huvutika na nakshi hupinda. Ncha mbili za ukanda zinapokutana, safu za viua hazina budi ziungane kana kwamba hazikukatwa. Baada ya kuunganishwa, kofia huwa na alama za penseli na uchafu wa miezi ya kushikwa. Hufuliwa kwa uangalifu, hutiwa wanga, kisha huvikwa juu ya chombo cha duara kinachoilinganisha na kichwa, ikaachwa ikauke. Ikitoka hapo huwa ngumu, nyeupe na mpya, na hakuna dalili iliyobaki ya usiku ule wote. Ufundi wa mshonaji hukamilika pale athari za mikono yake zinapofutika.

Kazi hiyo ya mwisho iliangukia katika wakati mgumu kuliko wote wa mwaka. Ramadhani ni mwezi ambao mwanamke hufunga kama wengine, na alasiri akakaa jikoni kupika futari, na usiku akaamka kupika daku. Nafasi iliyobaki ilikuwa baada ya tarawehe, chini ya kandili au koroboi, macho yakiwa yamechoka na moshi. Mwenye kofia hangoji. Kofia iliyoagizwa kwa Idi na kufika siku ya Idi Mosi jioni imekwisha kupoteza maana yake, na pengine nusu ya bei yake. Mwezi ukiandama mapema, usiku wa ishirini na tisa ndio wa mwisho. Usipoandama, mshonaji hupata siku moja ya kupumua. Kuna wanaotazama juu kwa furaha ya sikukuu, na palikuwa na waliotazama juu wakihesabu viua vilivyobaki.

Kofia ikimalizika, ilitoka mlangoni mikononi mwa mtu mwingine: mtoto wa kiume, ndugu, mchuuzi au mwenye duka. Hapo ndipo thamani ilipogawanywa. Ichukuliwe mfano wa kofia iliyoshonwa kwa siku sitini, saa tatu kila siku. Hizo ni saa 180. Hakuna mnunuzi aliyewahi kulipa kwa saa hizo, wala mshonaji aliyewahi kuzidai, kwa sababu bei ya kofia imekuwa ikikadiriwa kwa macho na si kwa muda: ulaini wa kitambaa, udogo wa viua, unadhifu wa safu. Saa za usiku hazikuhesabiwa kuwa kazi. Ziliitwa kujishughulisha, au kupitisha wakati. Neno hilo limewagharimu wanawake fedha nyingi, kwani kazi ikishaitwa kupitisha wakati, malipo yake huonekana kuwa ni hisani.

Wapo watakaojibu kwamba hesabu ya namna hii inaivunjia heshima kazi yenyewe. Mama aliyemshonea mwanawe kofia ya Idi hakutaka ujira, na mke aliyemshonea mumewe kofia ya harusi hakuuza kitu. Jibu hilo lina haki yake. Kofia nyingi zimeshonwa kwa mapenzi, na mapenzi hayapimwi kwa saa. Lakini zawadi na biashara zimekaa chumba kimoja, na biashara imejifunika nguo za zawadi. Kofia iliyoshonwa kwa ajili ya mtoto na ile iliyoshonwa kwa ajili ya duka zimepitia sindano ile ile na koroboi lile lile, na msifu wa ya kwanza asiitumie sifa hiyo kupunguza bei ya pili.

Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, watu wengi wenye asili ya Oman waliondoka visiwani, na baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970 wengi wao waliingia Oman, wakaenda na Kiswahili chao, mapishi yao na mikono yao. Huko kumma ni sehemu ya vazi la taifa. Wanawake huishona majumbani, na sikukuu ndiyo msimu wake. Kofia zinazoshonwa Unguja na Pemba nazo huvuka bahari kwenda kuuzwa Maskati. Ajabu ya historia ni kwamba vazi ambalo mtumwa wa Unguja alilidai ili aonekane mtu limekuwa kitambulisho cha taifa zima upande wa pili wa bahari, na pande zote mbili mtu anayelishona bado amekaa ndani, na jina lake halijulikani kwa mnunuzi.

Leo mashine imeingia kati. Kofia za kudariziwa kwa mashine, nyingi zikitoka ng'ambo, huuzwa katika kila duka kwa sehemu ndogo ya bei ya ile ya mkono, na hakuna sababu ya kumlaumu anayezinunua. Mtu mwenye watoto watano hawezi kuwavika wote kofia za mkono, na kwa kofia ya mashine kila mmoja wao atasali Idi kichwa chake kikiwa kimefunikwa. Kwa yule aliyekumbuka babu yake aliyekatazwa, hilo si jambo dogo. Hasara iko kwingine. Kofia ya mashine imeishusha bei ya kofia ya mkono ya daraja la kati, ile iliyokuwa chakula cha washonaji wengi, na ikaiacha ile ya daraja la juu peke yake, inayonunuliwa na wachache. Binti anayejifunza hawezi kuanza na kofia ya daraja la juu. Lazima ashone mbaya kwanza, na pawe na mtu wa kuinunua.

Kwa hiyo anayetaka ufundi huu uendelee aanze kwa kuuliza swali dogo anapochagua kofia yake ya Idi: nani ameishona? Mwenye duka asipojua, na aulizwe kwa nini hajui. Magauni ya wabunifu yana vitambulisho vya majina, vitabu vina majina ya waandishi, na milango ya nakshi ya Mji Mkongwe watu huitafutia mafundi wake. Kofia pekee ndiyo iliyoachwa yatima. Si lazima jina liandikwe juu yake; linatosha kuandikwa ndani ya ukanda, mahali panapogusa paji la uso, ambapo mvaaji ataliona kila asubuhi ya sikukuu kabla hajaivaa kwenda kusali.